Kibendera chekundu

Ilikuwa Ramadhani, saa kumi alasiri, mama amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya futari. Jiko letu lina dirisha moja dogo la nondo, na mwanga wake ulikuwa unamgusa shavu la kushoto na mkono unaozungusha kifuu. Nikainua kamera, nikabonyeza. Haikulia. Ndani ya kitundu cha kuchungulia kikachomoza kibendera chekundu kutoka chini, na kitufe kikagoma kushuka. Nikasogea hatua moja, nikajaribu tena. Kikachomoza tena.

"Imeharibika?" mama akauliza bila kuinua uso.

"Haijaharibika, mama. Inasema hapa giza."

"Basi inasema kweli. Mimi mwenyewe nakuna kwa mazoea."

Kamera hiyo ni Olympus Trip 35. Ilitengenezwa Japani tangu 1967 hadi 1984, ikauzwa kwa mamilioni, na jina lake linaonyesha ilikusudiwa nani: mtu wa kawaida aliye safarini, anayetaka kuelekeza na kubonyeza, basi. Niliipata kwa kijana anayeuza vitu vya mitumba karibu na Soko la Mgandini hapa Tanga. Alikuwa nayo ndani ya boksi moja na pasi, rimoti za televisheni na mafungu ya nyaya za chaja. "Hiyo dada ni ya urembo, weka sebuleni," akaniambia. "Mikanda yenyewe siku hizi utaipata wapi?" Bei, shilingi 15,000.

Nilikuwa nimeshasoma namna ya kuipima. Kuizunguka lenzi kuna duara la vioo vidogo vilivyobenuka, kama jicho la nzi. Nyuma ya vioo hivyo mna seleniamu. Ikipigwa na mwanga hutoa umeme kidogo sana, lakini unatosha kusogeza sindano iliyo ndani, na sindano hiyo ndiyo inayoiamulia kamera ifungue tundu la lenzi kiasi gani. Kwa hiyo haihitaji betri hata moja. Shida ni kwamba seleniamu huchoka na umri, na ikishachoka kamera haiwezi tena kupima mwanga. Nikaweka pete ya lenzi kwenye herufi A, inayoiachia kamera iamue yenyewe, nikaifunika lenzi kwa kiganja, nikabonyeza: kibendera kikapanda. Nikaielekeza barabarani kwenye jua, nikabonyeza: tik, ikakubali. Nikalipa bila kuomba apunguze.

Niliposafisha nyumbani nilikuta sponji za mlango wa nyuma zimeoza na kuwa kama lami. Hizo ndizo zinazozuia mwanga usipenye kwenye mkanda, yaani filamu. Nikazikwangua kwa kijiti na spiriti, nikaweka uzi mnene mweusi wa sufi badala yake. Lenzi haikuwa na kuvu, jambo la kushukuru, maana pwani hii kuvu huingia hata kwenye miwani. Tangu siku hiyo kamera inalala ndani ya kopo la plastiki lenye kifuko cha mchele mkavu, na kifuniko cha lenzi hakitoki mpaka ninapotaka kupiga.

Labda niseme kwa nini mtu wa umri wangu amejiingiza humu. Nimefanya kazi ya eksirei kwa miaka 22. Nilipoanza, kila picha ya mgonjwa ilipita mkononi mwangu gizani. Unaingia chumba cha giza, unafungua kaseti chini ya taa nyekundu, unaifunga filamu kwenye fremu yake, unaitumbukiza kwenye tangi la developa, dawa ya kutokeza picha, unahesabu, unaisuuza, unaipeleka kwenye fiksa, dawa ya kuidumisha. Katika ile dakika ya kwanza ndani ya developa mfupa unaanza kujitokeza kutoka mahali palipokuwa hapana kitu. Nimeona mifupa ya maelfu ya watu ikijitokeza hivyo na sikuwahi kuzoea. Kisha zikaja mashine za kompyuta, na chumba cha giza kikageuzwa stoo ya mafaili. Mashine hizo ni bora kwa mgonjwa, picha inatoka upesi na mionzi inayotumika naijua vizuri zaidi. Mimi nilibaki na mikono inayojua kazi isiyokuwepo tena.

Kwa hiyo sikununua kamera ili niwe mpiga picha. Nilitaka tena ile dakika ya kwanza.

Kwa kuitumia, Trip haina mambo mengi. Ina kasi mbili tu za kufungua na kufunga mwanga, moja ya sehemu ya 200 ya sekunde na nyingine ya sehemu ya 40, nayo yenyewe huchagua. Umbali unauchagua wewe kwa kuzungusha pete yenye michoro minne: kichwa kimoja ni mita moja, vichwa viwili ni mita moja na nusu, watu watatu ni mita tatu, mlima ni mbali kabisa. Ukichungulia, chini kuna kidirisha kingine kidogo kinachokuonyesha mchoro uliouchagua, ili usimpige shangazi yako kwa kipimo cha mlima. Mimi nilikwenda na futi ya fundi cherehani, nikajifunza mita moja na nusu kwa macho: ni hatua mbili za kanga, au kutoka kizingiti cha mlango wetu hadi ukingo wa baraza.

Mkanda una picha 36. Mkanda mmoja pamoja na dawa zake unanigharimu kama shilingi 30,000, kwa hiyo kila ninapobonyeza naijua hesabu yake. Watu ninaowapiga picha bado wanakuja nyuma ya kamera kutafuta skrini. Wanakuta chuma cheusi. "Sasa iko wapi?" Nawaambia iko ndani, nitaileta. Wengine hawaamini mpaka siku wanaponiona narudi na bahasha.

Mkanda wa kwanza niliuua mwenyewe, na niliuua kwa mazoea ya kazini. Nyumbani nilikuwa nimeziba dirisha la bafuni kwa blanketi na kutundika taa nyekundu, ileile ya aina niliyoizoea. Nikafungua mkanda wa HP5, wa picha nyeusi na nyeupe, chini ya taa hiyo, kwa utulivu kabisa, nikauzungusha kwenye rili yake. Nilipoutoa kwenye dawa ulikuwa mweusi tii kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikaa pale sakafuni nikiushika dakika nyingi kabla sijaelewa. Filamu ya eksirei haioni mwanga mwekundu, ndiyo maana tulikuwa tunafanya kazi chini ya taa ile bila wasiwasi. Mkanda wa kamera unaona rangi zote, nyekundu ikiwamo. Unataka giza tupu, giza la kutouona mkono wako. Picha 36 za wiki tatu zilikwenda, pamoja na za mdogo wangu akiwa likizo, na yeye alikuwa amesharudi Muscat.

Sasa naupakia mkanda gizani kwa vidole, macho nimeyafumba. Ukishaingia ndani ya tangi na kifuniko kikafungwa, ndipo nawasha taa.

Halafu kuna suala la joto, ambalo sijaona likizungumzwa na watu wa nchi za baridi. Maelekezo ya developa ya D-76 kwa HP5 yanasema dakika saba na nusu, dawa ikiwa nyuzi 20. Nyuzi 20! Maji ya bomba hapa Tanga, mwezi wa pili, nimeyapima yakawa 29. Dawa ikiwa ya moto inafanya kazi kwa pupa. Ukiifuata kwa kupunguza muda unafika chini ya dakika tano, na hapo inashika mkanda bila usawa, sehemu nyeusi sana, sehemu imepauka. Nilichofanya ni kununua barafu za mfuko, zile wanazouza watoto wa jirani shilingi mia, saba au nane, nikaziweka kwenye beseni, na chupa za dawa zikakaa katikati yake kwa nusu saa na kipimajoto ndani. Sijawahi kushuka hadi 20, wala sijaona haja. Nafanyia 24, kwa dakika tano na nusu, na nageuza tangi taratibu kila baada ya nusu dakika. La muhimu zaidi ni maji ya kusuuzia yasiwe moto kuliko dawa, maana mkanda ukitoka kwenye baridi ukaingia kwenye joto, utando wake unavimba na kupasuka mistari midogo. Kwa hiyo barafu zinatosha kila kitu, na mtoto wa jirani ameshanizoea. Akiniona nimebeba beseni anauliza, "Leo unapika picha, mama?"

Kati ya developa na fiksa naweka siki iliyozimuliwa na maji mengi. Fiksa natumia ileile ya eksirei, na inafanya kazi vizuri. Kabla ya kuitumia nakata kipande cha ncha ya mkanda, nakidumbukiza ndani kwenye mwanga, naangalia kinachukua sekunde ngapi mpaka kiwe angavu. Muda huo mara mbili ndio muda wa mkanda wote. Hilo nilifundishwa na mzee mmoja chumba cha giza, katika wiki yangu ya kwanza kazini, Mungu amrehemu. Developa ya eksirei niliijaribu mara moja kwa kubana matumizi na sitarudia: ina nguvu mno, picha zilitoka na chembe kama mchanga wa ufukweni.

Mikanda ananiletea mdogo wangu. Mara ya kwanza aliiweka kwenye sanduku kubwa la kupakiwa tumboni mwa ndege, na niliposikia nilishika kichwa. Mashine zinazokagua mizigo ile ni za mionzi mikali. Kazini tulikuwa tunatunza kaseti nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi, kwa sababu filamu haijui kama mionzi iliyoipiga imetoka kwa mgonjwa au imetoka upenyoni; yote inaiandika. Mkanda uliopigwa na mionzi unatoka na ukungu, vivuli vinakuwa vya kijivu, na hakuna dawa ya kuondoa. Nikamwambia: weka kwenye mfuko wa plastiki unaoonekana, shika mkononi, omba kwa adabu waukague kwa mkono, hasa penye zile mashine mpya zinazopiga pande zote. Anasema wengi wanakubali. Ikifika naiweka kwenye friji, kwenye rafu ya juu, mbali na samaki.

Nirudi kwenye mwanga, kwa sababu hapo ndipo kamera hii ilipoanza kunifundisha.

Jicho la Trip linapima mwanga wote wa mbele yake na kuchukua wastani. Linadhani dunia yote ina rangi ya kijivu cha katikati. Sasa mweke mbele yake mzee mweusi wa Kitanga, kavaa kanzu nyeupe na kofia nyeupe, anatoka msikitini saa saba mchana, nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa. Kamera inaona weupe mtupu, inaogopa, inalifinya tundu. Kanzu inatoka nzuri, hata mshono unaonekana, na uso wa mzee unakuwa kivuli. Nina mkanda mzima wa Ijumaa moja wenye kanzu zisizo na watu.

Hili la nyuso nyeusi ni la zamani kwenye kazi hii. Kwa miaka mingi Kodak iliwapelekea wachapaji wa picha za rangi kadi ya kulinganishia, iliyoitwa kadi ya Shirley, na aliyekuwa kwenye kadi ni mwanamke mweupe. Ngozi yake ikitoka sawa, picha imetoka sawa. Mkanda mweusi na mweupe hauna kadi hiyo, lakini lazima mtu aamue: unapima kwa kanzu au kwa uso? Mimi nimeamua kwa uso. Mkanda wangu ni wa 400, namba ya wepesi wake wa kuona mwanga, lakini pete ya kuiambia kamera namba hiyo naiweka 200. Kamera inadhani mkanda ni mzito kuona, inauongezea mwanga mara mbili. Kanzu inapoteza mikunjo kidogo, na uso unakuja, pamoja na sijida ya kwenye paji. Mkanda wa negativu, unaoandika picha kinyume, huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Nililijua hilo kutoka kwenye eksirei: kivuli ambacho hakikuandikwa, hutakifuta vumbi kikatokea.

Tena saa sita mchana kamera yenyewe iko ukingoni. Kwa mkanda wa 400 kwenye jua kali inafinya tundu hadi f/22, dogo kuliko yote iliyo nayo, na hapo ndipo mwisho wake. Kwa hiyo natoka saa moja hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi na nusu, jua linapokuja kwa ubavu kupitia vichochoro vya Ngamiani. Kabla ya kuwa na Trip sikuwahi kujua kwamba nyumba yetu inapata jua la mbele kwa saa mbili tu kwa siku. Nimeishi humo tangu utotoni.

Barabara ya Kumi na Mbili kuna fundi baiskeli mmoja, babu wa watu, anakaa chini ya mwarobaini. Wenyeji mnajua Tanga ilivyo na baiskeli. Nilimwamkia, nikaomba nimpige picha akinyoosha rimu, akakubali bila kuacha kazi. Vichwa viwili, mita moja na nusu, pete 200, tik. Nilirudi baada ya wiki mbili. Negativu naziweka juu ya kisanduku cha taa cha kusomea eksirei, cha zamani, nilichoomba kilipoondolewa kazini. Nazipiga kwa simu, nazigeuza, kisha studio wananichapia kwa karatasi. Babu akafuta mikono kwenye suruali, akaishika picha kwa pembe zake. Hakuangalia uso wake hata kidogo. Aliangalia gurudumu, akaisogeza karibu na jicho. "Spoku hii imelegea," akasema, na kidole kikakaa juu yake. "Na mwenyewe ameshaichukua baiskeli." Akamtuma mjukuu amtafute mwenye baiskeli siku ileile.

Ninapofikiri kuhusu kamera za bei rahisi namkumbuka Mohamed Amin, kijana aliyekulia Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizunguka dunia. Alianza na Box Brownie ya mtumba. Ile ya kwanza kabisa ya jina hilo, mwaka 1900, iliuzwa dola moja. Ni boksi, lenzi na kitufe.

Lakini Brownie haikatai. Ukibonyeza gizani, inakupa giza. Trip inakataa, na ikikataa mkanda hausogei, picha haipotei. Miezi ya kwanza kibendera kile kilikuwa kinaniudhi. Nilikuwa nakiona jikoni, kwenye daladala, barazani baada ya magharibi, kila mahali nilipotaka kumpiga mtu akiwa katika shughuli zake. Nikafikiria kununua flashi. Halafu nikaanza kukifuata. Kikipanda, naishusha kamera, nauliza: mwanga uko wapi hapa? Utakuja saa ngapi? Na huyu mtu, saa hiyo, atakuwa wapi? Nimejua ratiba za watu wa mtaa huu kwa njia hiyo, nani anafagia uwanja saa ngapi, nani anakaa kizingitini kusuka ukili wakati gani.

Ya mama nilisubiri mpaka baada ya sikukuu. Nilimwomba asogeze mbuzi mlangoni, akanijibu kwamba nazi hukunwa jikoni. Sikumsihi. Jumapili moja, saa mbili asubuhi, alitoka mwenyewe na ungo wa mchele, akakaa kizingitini kuchagua chuya, maana macho yake yanataka mwanga kama kamera yangu inavyotaka. Jua lilikuwa limeshafika kwenye ukingo wa baraza. Kanga ya kichwani ilikuwa imemteleza hadi mabegani na hakujali, hapakuwa na mtu ila mimi. Nilikuwa nimekaa mahali palepale nilipopapima kwa futi. Nikabonyeza mara moja. Kibendera hakikupanda.

Usiku ule nikaosha mkanda na kuutundika bafuni kwa vibanio vya nguo. Alfajiri mama aliingia kutawadha, akaniita. Nikaja, nikaukata mkanda vipande vya picha sita sita, nikawasha kisanduku cha taa na kumwekea kipande chake. Akaniambia nimletee miwani.

Mimi nimezoea kusoma vitu vilivyogeuzwa. Najua kwamba kilicho cheupe kwa macho huandikwa cheusi. Lakini sikuwa nimefikiri mama ataona nini. Mchele kwenye ungo ulikuwa mweusi kama mbegu za ufuta. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, jua la mlangoni lilikuwa giza nyuma ya bega. Na nywele zake, ambazo zimejaa mvi tangu nilipokuwa sekondari, zilikuwa nyeusi zote, kutoka kwenye paji hadi kwenye kile kifundo cha nyuma.

Aliinama juu ya taa muda mrefu, maji ya udhu yakimtiririka viwikoni.

"Hii usiichape," akasema.

Nikamwambia sitaichapa. Akauliza kama karatasi ile inaharibika. Nikamwambia ikiwekwa pakavu, mbali na jua, itakaa kuliko sisi. Akavua miwani, akanipa, akaenda kuswali.

Amenikubalia nisimulie, kuonyesha hapana. Iko kwenye bahasha, mkanda wa nne, picha ya 23.